Uzoefu wangu: ziara ya kiwanda cha bia Plzeň, niliyoyaona na picha nilizorudi nazo Kigoma

Wadau, hasa nyie wa Kigoma mnaopenda kupiga picha mitambo ya zamani (najua mpo wengi, kila mara naona picha za stesheni yetu ya reli na za meli ya Liemba), hii inawahusu. Nilikuwa Prague, Jamhuri ya Czech, kwa kozi, wikendi nikapanda treni mpaka Plzeň, ni kama kilomita 90 tu, nikaenda kutembelea kiwanda cha Pilsner Urquell. Mimi nilifuata vyombo vyao vya zamani, bia ilikuwa nyongeza.

Historia yake kwa kifupi. Mwaka 1838 wenyeji wa Plzeň walichoshwa na bia mbovu wakabeba mapipa 36 wakaenda kuyamwaga mbele ya jengo la halmashauri, watu wakaangalia bia inatiririka barabarani. Baada ya hapo wenye haki ya kupika pombe pale mjini wakaungana wakajenga kiwanda chao kimoja, wakamchukua fundi kutoka Bavaria anaitwa Josef Groll, na tarehe 5 Oktoba 1842 akapika ya kwanza. Ikatoka ya rangi ya dhahabu, inaangaza, wakati wao walishazoea bia nyeusi yenye ukungu. Sasa hii bia ya njano unayoagiza kwenye grosari yoyote pale Mwanga, ukifuata ukoo wake unafika hapo hapo Plzeň.

Unaingilia geti kubwa la mawe lenye matao mawili, la mwaka 1892, ndilo lile wanalochora kwenye lebo. Sehemu ya kujaza chupa wanakupitisha, ni mitambo ya kisasa, sikukaa nayo sana. Moyo wangu ulikuwa kwenye chumba cha kupikia.

Jamani yale masufuria! Shaba tupu, mapana kama vibanda, juu yanajikunja yanakuwa shingo ndefu inayopanda hadi darini. Ukisogea karibu unaona shaba haina rangi moja, kuna sehemu imeiva nyekundu, kuna sehemu ya kahawia, na pembeni mwa kile kimlango cha kuchungulia imeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu miaka na miaka. Hapo nilipiga picha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ushauri wangu, usipige sufuria zima tu, kila mtu analo hilo, piga kimlango, piga bawaba, piga yale maungio ya shaba, hapo ndipo kazi ya fundi inaonekana.

Niliporudi nyumbani nikaenda Kasulu kwa mama mdogo, ambaye amepika pombe ya mtama tangu mimi sijaanza shule, nikamfungulia laptop nikawa nampitisha picha moja moja. Na nikwambieni ukweli, kuna vitu nilivielewa kwake kuliko nilivyovielewa kule.

Nikamwambia, "Mama mdogo, hii ni shayiri, wanailoweka ikiota wanaikausha."

"Si kimea hicho, mwanangu. Na wanakikausha wapi, huko kuna jua?"

Nikamweleza wanakausha kwa hewa ya moto bila moshi kugusa nafaka, na hiyo ni sehemu ya siri ya ile rangi, maana kimea kikiungua bia inatoka nyeusi. Akakubali. Tukafika kwenye masufuria, nikamwambia hawa wanachota sehemu ya ule uji wa kimea wanaipeleka sufuria lingine la shaba, wanaichemsha juu ya moto kabisa, halafu wanairudisha kwenye uji uliobaki, na wanafanya hivyo mara tatu. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Wanajua kazi. Kimea ukikichemsha chote kwa pamoja umekiua, uji hauwi mtamu na pombe hupati." Na ndivyo ilivyo, ndani ya kimea kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari na moto mkali unaviua, kwa hiyo sehemu inayochemka ndiyo inapasha ile nyingine joto polepole, mbinu ya tangu enzi ambazo hakuna kipimajoto. Mama mdogo hajawahi kutoka nje ya mkoa huu na alilisoma lile sufuria kwa kuliangalia tu kwenye picha!

Mwisho wa ziara ni mahandaki, na hapa ndipo thamani ya tiketi ilipo. Yamechimbwa kwa mkono kwenye mwamba chini ya kiwanda, ukiyaunganisha yote yanafika kama kilomita 9, nyie mnapita kipande tu. Baridi kali, chukua jaketi hata kama juu ni kiangazi. Hamira ya bia hii inafanya kazi kwenye baridi, ndiyo maana walichimba, na kabla ya majokofu walikuwa wanahifadhi humo barafu iliyokatwa kipindi cha winta. Utakuta mapipa ya mti wa mwaloni, mengine yako wazi juu na povu jeupe limejaa linachacha mbele yako, ndani yamepakwa ulimbo uliochemshwa ili bia isinywe ladha ya mbao. Fundi anafungua bomba la pipa anakujazia glasi, bia haijachujwa wala haijapashwa moto, ina uchungu mzuri halafu utamu wa kimea unabaki ulimini. Sijawahi kuonja bia ya chupa inayofanana nayo.

Picha za humo chini ni ngumu, taa ni hafifu. Achana na flashi, inaua ile rangi ya mapipa na kuta zilizolowa. Panda na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), egemea ukuta, vuta pumzi ndio ubonyeze, na ukiwa na lenzi inayofungua sana kama f/1.8 ndiyo uibebe. Ukitoka juu kwenye joto lenzi itashika ukungu, iache itulie kwanza, usikimbilie kufuta na shati.

Kwa ndugu zangu wa Ujiji na wengine msiokunywa, nendeni tu, kuonja si lazima, na mtu anayependa mitambo atashiba kwa macho. Ziara inachukua kama saa moja na nusu hivi. Buku mtandaoni mapema na uangalie saa ya ziara ya Kiingereza, maana nyingine ni za Kicheki. Mama mdogo naye amekubali nije wakati wa kupika nipige mitungi yake, miiko na lile pipa la kuchachushia, hatua kwa hatua kuanzia siku ya kuloweka mtama, amesema nifike kabla hajakausha kimea.