Mfuko wa risechi za digrii ya kwanza chuoni kwetu Mbeya: mwalimu nyota tano, uhasibu mbili

Madogo wa mwaka wa tatu mnaniuliza sana huu mfuko wa chuo wa kusaidia risechi kama unafaa kuhangaika nao. Chuo sikitaji, ila kiko hapahapa Mbeya.

Kwanza muelewe, mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupangiwa na hela ya utafiti, ni kipengele chake kabisa mbali na bumu (hela ya kujikimu), lakini wenzetu kibao hawana mkopo na hao ndo huu mfuko unawaokoa. Mnaandika propozo kama kundi, supavaiza anasaini, idara inapitisha, mnapewa kama masurufu, yaani hela mnayotumia halafu mnarudisha risiti. Sio hela ya kujengea nyumba, ni nauli, dodoso na kubaindi ripoti.

Sasa usimamizi. Hapo sina neno baya, angalau kwa mama aliyetusimamia sisi. Mada yetu ilikuwa mnyauko wa viazi kule Umalila, na yule mama hakukaa ofisini kusubiri chapta, alipanda nasi Noah pale Mbalizi mpaka Ilembo, barabara ile na matope ya masika mnaijua wenyewe. Shambani akang'oa shina lililonyauka, akalikata karibu na mzizi, akalishikilia ndani ya glasi ya maji safi, akasema tulieni. Dakika chache tu tukaona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, ndo bakteria wenyewe hao. Mzee mwenye shamba alikuwa ameshanunua dawa za kupiga, akauliza, "Sasa mwanangu, hizi dawa?" Mama akamjibu, "Baba, huu hauna dawa ya kupiga, hata ukimaliza dumu zima. Ng'oa yaliyougua, badilisha zao, na mbegu usitoe tena humu." Glasi ya maji tu hiyo jamani, na nimejifunza kuliko semista nzima ya slaidi.

Ila ni bahati. Kundi la jirani supavaiza wao alikuwa na wanafunzi lundo, kila wakimpigia ni "nitacheki", wameenda kudifendi chapta ya tatu haijawahi kusomwa na mtu.

Hela sasa! Propozo tumepeleka mapema kabisa kabla ya Krismasi, hela imeingia viazi vya masika vyote vimeshang'olewa, watu wapo Mwanjelwa wanauza magunia. Kama tusingejichanga wenyewe nauli tusingekuwa na data. Mtu wa masoko anaweza kujaza dodoso mwezi wowote, wa kilimo mvua haimsubiri, na hili chuo kilichopo nyanda za juu kusini kilitakiwa kulijua kuliko mtu yeyote. Halafu njoo kwenye ritayamenti, yaani kurudisha hesabu ya hela mliyotumia, uhasibu wanataka risiti ya EFD ya bodaboda wa Ilembo, yaani boda wa kijijini akutolee risiti ya mashine 😂 Mtendaji wa kijiji alitugongea muhuri kwenye karatasi ya malipo, wakaikataa, mpaka mama alipokwenda mwenyewe dirishani ndo ikapita.

Kingine, TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ipo hapa mlangoni na viazi ndo kazi yao, sisi maabara tunagombania hadubini. Idara ingeweka makubaliano nao tu wanafunzi wakapeleka sampuli kule, pengine hata hiyo hela isingehitajika nyingi.

Mtakaoomba: pelekeni propozo mvua hazijaanza, barua ya chuo ya kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri ombeni siku hiyohiyo maana kata na kijiji hawakupokei bila hiyo, na kabla ya kusaini chochote muulizeni mhasibu atapokea karatasi gani kwa nauli ya boda. Na supavaiza ulizeni waliotangulia, mjue nani anakwenda shambani.