Uzoefu wangu na barbari wa Njia ya Mnyama

Kama unacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, na umechoshwa na barbari (mhusika mpiganaji mwenye ghadhabu) wa kupiga shoka tu, jaribu aina yake iitwayo Njia ya Mnyama. Ilitoka mwaka 2020 katika kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything. Mimi namchezesha hapa Lubumbashi, nyumbani kwa rafiki yetu, mtaa wa Bel-Air, Jumamosi mchana. Kitabu kinakupa asili kadhaa za huo unyama wake za kuchagua. Nilichukua ya mzazi mwenye laana ya kugeuka mnyama, na wenzangu hawakuhitaji maelezo. Hadithi za watu wanaogeuka simba usiku tumezisikia tangu utotoni.

Deraya havai. Kinga yake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampige, ni 10, unaongeza wepesi na ustahimilivu. Wangu ana 15. Akipandwa na ghadhabu ndipo utamu unapoanza, maana kila mara unachagua mwili uote nini: meno, makucha au mkia.

Wengi huchagua makucha, na wanajua wanachofanya: ngazi ya 3 unapiga mara mbili kwa zamu, ngazi ya 5 mara tatu. Ila mimi ni mtu wa mkia. Unafika futi 10, na adui akikupiga unarusha dadu ya pande 8 na kuongeza kwenye kinga yako. Siku moja tumezingirwa darajani, mwendesha mchezo akaniambia, "Yaya, 17, umepigwa." Nikarusha mkia: 5. Kinga ikawa 20, mkuki ukapita hewani, na meza ikalipuka kwa kelele. Barbari wa kawaida angelipokea pigo lile kifuani.

Meno yamenikatisha tamaa. Yanarudisha uhai pale tu ukiwa chini ya nusu, tena ngazi ya 3 ni pointi 2 kwa zamu. Ni kidogo mno kwa mtu anayekaribia kuanguka.

Ngazi ya 6 ni tamu: baada ya kupumzika unachagua kuogelea, kuruka mbali au kupanda, na ukichagua kupanda unatembea hata darini kichwa chini.

Angalia jambo moja. Kwa sheria za mwaka 2014, ngazi ya 3 ghadhabu ni mara tatu tu hadi upumzike usiku kucha, na inakatika usiposhambulia wala kuumizwa. Ikiisha, mkia na makucha vinatoweka, kwa hiyo mnunulie shoka zuri mapema.