Rampu ya kupandishia kwadi na pikipiki kwenye pikapu: ipi ununue, ipi uachane nayo

Muuzaji atakuambia kwanza rampu yake inabeba kilo ngapi. Wewe anza na urefu, na jibu la urefu haliko dukani, liko nyuma ya gari lako. Shusha mlango wa nyuma wa pikapu, pima kutoka ardhini hadi pale rampu itakapokaa. Hilux nyingi za kazi huangukia kama sentimita 80 hadi 90. Tuseme ni 85: rampu ya mita 1.8 itasimama kwa nyuzi 28, ya mita 2.4 itashuka hadi nyuzi 21 hivi, ya mita 3 hadi 16 au 17. Ukisoma unaona tofauti ndogo, lakini kwenye nyuzi 28 kwadi (ile pikipiki ya magurudumu manne) inatazama mbinguni na wewe unaning'inia kwenye usukani.

Mimi nilijifunza kwa goti. Tulikuwa tunahamisha kwadi za wageni kutoka ufukweni, rampu fupi ya kuazima, haijafungwa popote. Gurudumu linalozungushwa na injini husukuma kilicho chini yake kwenda nyuma ili lenyewe liende mbele. Ardhi haisogei, lakini rampu iliyolazwa tu inasogea. Ikachomoka mlangoni, kwadi ikarudi chini na mimi nikiwa juu yake. Tangu siku hiyo sinunui rampu isiyo na mahali pa kupitisha mnyororo.

Uzito nao usiupuuze. Pikipiki ya bodaboda ya saizi ya Boxer 150 ina kilo 110 hadi 120 na kidogo. Kwadi ya kazi mara nyingi ina kilo 250 hadi 350, na ukiipanda jumlisha na wewe. Kwa kwadi ya kilo 300 na mtu wa kilo 80, mimi nisingechukua jozi ya rampu, moja kwa kila upande wa magurudumu, iliyoandikwa chini ya kilo 500. Uliza pia kama namba hiyo ni ya jozi au ya rampu moja, maana wauzaji wengine wanaiacha hewani kusudi.

Sasa nizipange, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza haiuzwi: tuta la udongo. Rudisha pikapu kinyumenyume hadi mlango wake ukutane na ukingo wa shamba au barabara, au ingiza matairi ya nyuma kwenye mtaro mfupi. Mwinuko wa sentimita 85 unaweza kubaki 30, na hapo hata rampu fupi inatosha. Shida ni kwamba tuta halikufuati uendako.

Ya pili ni ya chuma, ya kuchomelewa na fundi wa mtaani. Ndiyo ninayowashauri wengi, kwa sababu inakatwa kwa kipimo cha gari lako na ikipinda inanyooshwa hapo hapo. Mwambie fundi atumie bomba za mraba, aweke vipande vya kukanyagia vya nondo au wavu wa chuma badala ya bati tupu (bati likilowa ni sabuni), juu aikunje ulimi wa kushika mlango, na atoboe matundu ya mnyororo. Itakuwa nzito, tafuta mtu wa kusaidiana.

Ya tatu ni alumini ya kukunja. Alumini ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma, kwa hiyo anayepakia kila siku bila utingo anaweza kuipandisha nafasi moja juu. Chagua iliyopinda kama upinde, maana iliyonyooka hugusa tumbo la kwadi pale juu mlangoni. Kagua bawaba na viungo vilivyochomelewa: ukiona ufa, iache, kwani si kila fundi wa chuma anaweza kuchomelea alumini.

Mbao ziko nyuma, na kwa pikipiki tu. Ubao mgumu wa inchi 2, upana wa inchi 10 au zaidi, usio na fundo katikati, na kichwani upigiliwe kipande cha chuma chenye ulimi. Makreti ya soda na meza za mama lishe sizihesabu.

Na kama unahamisha Boxer mara moja kwa mwaka, usinunue kitu. Vijana wanne wa kijiweni wakipewa ya chai wataiinua kabla hujamaliza kukunjua rampu.

Siku ya kupakia, egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi. Funga rampu kwenye chasisi au kulabu ya kuvutia, usiifunge kwenye mlango. Kwadi yenye winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) ivutwe na winchi, na asisimame mtu nyuma yake. Ukilazimika kuipanda, tumia gia ndogo, inamia mbele, enda polepole bila kusita katikati. Pikipiki usiipande kabisa: ukifika juu miguu haitapata ardhi. Tembea ubavuni, gia ya kwanza, klachi mkononi, na uweke ubao wa pili wa kukanyaga wewe mwenyewe. Hilo husahaulika kuliko yote.

Ikishapanda, ifunge pembe nne kwa mikanda ya racheti hadi shokapu zibonyee nusu, na ufunge koki ya mafuta. Kwenye pikapu ya milango minne, yenye kitanda cha mita 1.5 hivi, matairi ya nyuma ya kwadi yanaweza kuishia juu ya mlango uliofunguka; kagua nyaya zinazoushikilia kabla ya barabara yenye mashimo.

Kushusha kwadi kinyumenyume kunahitaji mkono mwepesi zaidi. Breki ya ghafla ya nyuma huinyanyua pua ikupindukie, kwa hiyo bonyeza zote mbili kidogo kidogo. Pikipiki izimwe, iachwe kwenye gia ya kwanza, na klachi iachiliwe taratibu ndiyo iwe breki yako.