Wikendi na mbwa Nairobi: msitu wa Karura au nyumbani?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda waziwazi. Karura mnalipa kiingilio, na nauli au mafuta juu yake.

Kwa mazoezi, msitu hauna mpinzani. Mbwa hunusa njia nzima, na kunusa huko humchosha kuliko kuzunguka ua uleule. Kamba lakini haivuliwi: kuna kima na paa. Nendeni asubuhi na mapema, mbebe nusu lita ya maji yake. Jua likishakolea, wekeni mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde 7. Usipovumilia, nyayo zake zitaungua.

Kazi kubwa ni mkirudi. Mmoja amshike, mwenzake atafute kupe masikioni, makwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kwa kibano, shika kupe karibu kabisa na ngozi, vuta wima taratibu. Usimpake mafuta ya taa. Msilipuuze hili, kwani kupe huambukiza babesia, vimelea vya damu, na babesia huua.

Nyumbani hatari ni nyama choma. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, na vitunguu vya kachumbari huharibu chembe nyekundu za damu. Akichoka kukaa bure, ficheni chakula chake ndani ya taulo lililokunjwa akitafute.

Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo za parvo, virusi vya kuhara vikali, abaki nyumbani. Mbwa kijana mwenye nguvu anastahili msitu. Mzee mwenye viungo vinavyouma, matembezi mafupi mtaani yanamtosha.