TAHADHARI KISUMU: Injini "ya Japani" unayouziwa huenda ni ileile yako

Wenye magari wa Kisumu, nanyi mnaoshuka kutoka Kakamega, Vihiga na Siaya kutafuta mafundi mjini, someni hii kabla ya kumtumia mtu yeyote pesa ya injini.

Kuna mchezo unaochezwa na baadhi ya mafundi. Gari linaingia na hitilafu ndogo, mwenyewe anaambiwa injini imekufa, anatozwa bei ya injini iliyotolewa Japani, kisha anarudishiwa injini yake mwenyewe ikiwa imeoshwa. Dada yangu amefanyiwa hivyo. Jina la gereji silitaji kwa sababu madai yako mahakamani, lakini mbinu yao naieleza yote.

Gari lake ni Toyota Sienta yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ambayo imejaa barabarani kwetu, hata kwenye Probox na Fielder. Lilianza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni ya Kondele. Akipanda Riat halivuti, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Fundi hakuunganisha mashine wala kupima chochote. Alifungua kifuniko cha oili, akamwonyesha utando mweupe uliokuwa umeganda kwa ndani, akasema: "Mama, hapa maji yameshaingia kwenye oili. Hii injini imekwisha." Akatajiwa shilingi 95,000, kazi mbali, na nusu itumwe siku hiyohiyo kwa M-Pesa kwa sababu eti kuna mteja mwingine anayeitaka injini hiyo.

Huo utando nataka muuelewe vizuri, maana ndio unaowatisha watu wengi. Ni kweli maji ya rejeta yakiingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini gari linalokwenda safari fupifupi, nyumbani hadi kazini na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na unyevu huo huganda chini ya kifuniko. Huko Molo na Timboroa kwenye baridi ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo usiishie kwenye kifuniko. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ya kwenye kijiti ikiwa safi, maji ya rejeta hayapungui na hayana mafuta juu, fundi bado hajakuonyesha ushahidi wowote. (Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa imepoa, tafadhali. Maji yale yakiwa moto yanaruka na kuunguza uso.)

Gari linalotetemeka na kupepesa taa ya injini kwa kawaida lina silinda isiyochoma mafuta sawasawa, au kama mafundi wanavyosema, linamisi. Mara nyingi chanzo ni plagi au koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha mafuta. Injini ya 1NZ ina silinda nne na kila silinda ina koili yake. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari huonyesha ni silinda gani: P0301 ni ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Fundi anayejua kazi akiona P0302 atahamisha koili ya silinda ya pili aipeleke ya tatu. Msimbo ukihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na unaweza kusimama pale ukaiangalia kwa macho yako. Taa ikiwa inapepesa, usiendelee kulikimbiza gari, kwa sababu mafuta yasiyochomeka huingia kwenye ekzosi na kuharibu katalitiki (kisafisha moshi), ambayo ni ghali kuliko koili mara nyingi.

Dada alilipa. Akarudishiwa gari injini inang'aa, limetulia, linavuta. Nilimwambia twende tukaandikishe namba mpya ya injini NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, maana injini ikibadilishwa lazima rekodi ya gari ibadilishwe, la sivyo siku ya ukaguzi au ya kuuza gari utakuwa na maswali. Gereji ikaanza kuzungushana naye: karatasi za injini ziko kwa bosi, bosi amesafiri, namba itafanyiwa mpango. Hapo nikachukua tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikafuta bloku (mwili wa injini) karibu na giaboksi mahali namba ilipogongwa. Tarakimu zilikuwa zilezile za kwenye logibuku, kitabu cha usajili wa gari. Juu ya injini, koili tatu zilikuwa kuukuu na moja mpya kabisa. Na waya wa koili ya mwisho bado ulikuwa na utepe mwekundu ambao fundi wake wa zamani alikuwa ameufunga. Alilipishwa bei ya injini nzima kwa koili moja ya elfu tatu hivi.

Sisemi injini hazifi. Zinakufa, hasa gari likichemsha kwenye mpando wa Kericho na dereva akaendelea kulisukuma. Moshi wa buluu unaonyesha oili inachomeka, labda ringi au sili za valvu. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, huku maji yakipungua, ni dalili ya kuharibika gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na sehemu ya juu ya injini (hedi). Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Mlio mzito wa kugonga huko chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta, hapo zima injini na uite gari la kuvuta. Lakini hata kwenye hayo yote, kabla ya injini kufunguliwa kuna vipimo: kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya kila silinda kwa geji, huku unaandikiwa namba zote nne, na mfumo wa maji kujazwa presha ili uvujaji uonekane. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyenzake, sasa mna jambo la kuzungumza. Na gasketi ikiwa imeungua, hedi ipimwe kama imepinda na irandwe ikibidi. Kubadilisha gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda ni kurudi gereji tena.

Ukikubali injini ibadilishwe, piga picha ya namba ya injini yako kabla hujaacha gari. Iangalie ile inayoingia, nayo uipige picha ikiwa bado chini, pamoja na stakabadhi ya kuonyesha ilikotoka. Ya zamani ni mali yako, idai. Anayekuambia amekwisha kuiuza chuma chakavu bila ruhusa yako, muulize aliuza mali ya nani.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari: makadirio ya bei kabla ya kazi, idhini yako, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanasikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili. Sisi tumepeleka ujumbe wa M-Pesa, picha za namba ya bloku, nakala ya logibuku na meseji za fundi akiahidi "injini safi ya Japani". Meseji hizo msizifute.

Na kama uliwekewa injini mwaka huu na hujawahi kuiona namba yake, chukua tochi na kitambaa leo, injini ikiwa imepoa, uilinganishe na logibuku. Ikiwa ni ileile, usirudi gereji peke yako kugombana. Piga picha kwanza, nenda na fundi mwingine akuandikie alichokiona, ndipo uwadai.