Ndege za Air Tanzania: ipi inaufaa mtandao wake na ipi inaligharimu shirika

Air Tanzania ina ndege 16: Dash 8 Q400 tano, Q300 moja, Airbus A220-300 nne, Boeing 737 MAX 9 mbili, Boeing 787-8 tatu na Boeing 767-300F moja ya mizigo. Ukiichukua kila ndege peke yake, karibu zote ni nzuri. Ukiziweka zote ndani ya shirika la ukubwa huu, hesabu hazikubali.

Iliyochaguliwa vizuri kuliko zote ni Q400. Mbili za kwanza zilitua Dar es Salaam Septemba 2016, na ndizo zilizolirudisha shirika angani. Ina siti 76, sita za daraja la biashara na 70 za kawaida. Wapo abiria wanaoidharau kwa sababu ni ya panga boi, wakiona jeti ndiyo maendeleo. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 400. Q400 inakwenda kilomita 650 kwa saa, A220 kama 830. Katika umbali huo jeti inaokoa dakika nane hivi, na foleni ya kutua Dar inaweza kuzimeza zote. Sasa weka abiria 50, idadi ya kawaida kabisa kwa safari ya katikati ya wiki: Q400 imejaa theluthi mbili, A220 yenye siti 132 haijafika hata asilimia 40. Kuna na suala la viwanja. Bukoba ina barabara fupi ya kurukia, ziwa likiwa pale pale, na hakuna jeti yoyote ya shirika hili inayoweza kufanya kazi pale kibiashara. Ukiziondoa Q400, umeiondoa mikoa kwenye ramani.

Ubaya wake upo. Inakula mafuta kuliko ATR, ndege nyingine za panga boi wanazotumia Precision Air, na kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, kwa hiyo anayetaka nyingine leo atafute iliyotumika na kukarabatiwa. Hata hivyo kwa nchi yenye umbali kama Dar–Mwanza, kama kilomita 850, kasi yake inailipa tofauti hiyo ya mafuta, kwa sababu ndege moja inaweza kupata mzunguko mmoja zaidi kwa siku.

A220 ndiyo inayohitaji maelezo marefu, maana ni ndege sahihi iliyonunuliwa kwa mpango pungufu. Ya kwanza ilifika Desemba 2018, na Air Tanzania ikawa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Ukubwa wake unafaa Mwanza, Kilimanjaro, Mbeya na miji ya nchi jirani. Chukua Songwe, kiwanja cha Mbeya: kiko mita 1,345 juu ya usawa wa bahari. Katika hali ya kawaida ya anga, joto la mwinuko huo lingekuwa kama nyuzi 6. Mchana likifika 26, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba kiwanja kipo mita 2,000 na ushee. Mbawa zinapata mnyanyuo mdogo, injini zinasukuma kidogo, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi au mzigo upunguzwe. A220 ni nyepesi kwa siti zake, na barabara ya Songwe ni ndefu, hivyo inaondoka pale na abiria wake bila shida kubwa.

Tatizo liko kwenye injini yake, Pratt & Whitney PW1524G. Ndani yake kuna gia kati ya feni ya mbele na turbini, ili feni izunguke taratibu na turbini kwa kasi, kila moja kwenye mwendo unaoifaa. Mafuta yanaokolewa kweli, kelele inapungua kweli. Kilicholeta balaa ni sehemu za moto, yaani chemba ya kuchomea na vipande vya turbini, ambavyo vimechakaa mapema kuliko ilivyoahidiwa. Nchi ya joto na vumbi huharakisha uchakavu huo. Safari fupi nazo zinachangia: kila kuruka na kutua ni kupasha na kupoza chuma mara moja, na ndege ya Dar–Zanzibar hufanya hivyo kwa dakika 20 za hewani tu. Injini ikishushwa inaingia foleni ya karakana duniani kote, na foleni hiyo ni ya miezi. Novemba 2022 shirika lilitangaza kuzisimamisha A220 kwa sababu hii hasa na kupunguza safari. Wala huwezi kuhamia injini nyingine, kwa kuwa A220 haina chaguo la pili.

Hapo ndipo wingi wa aina unapouma. Rubani mwenye leseni ya A220 haruhusiwi kushika MAX mpaka asome upya, kwenye mitambo ya mafunzo iliyo nje ya nchi. Fundi ni hivyo hivyo. Vipuri havihamishiki. A220 mbili zikilala chini, marubani wake nao wanakaa huku mishahara ikitembea, na Q400 zinabebeshwa safari zisizo zao. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinaonyesha hasara ya Sh bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23 na Sh bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo ndege hizi zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali na shirika lilizikodi, kwa hiyo ada ya kukodi haikujali kama ndege inaruka au imefunikwa turubai.

MAX 9, yenye siti 181, ina kazi yake kwa Dubai na Johannesburg. Ni ndefu, inataka kasi kubwa wakati wa kupaa na barabara ndefu, kwa hiyo Dar na Kilimanjaro zinaifaa. Kuwa nazo mbili tu ni gharama ya aina nzima kwa faida ya ndege mbili.

787-8 ina siti 262. Guangzhou inaifaa sana, kwa sababu tumbo lake linabeba mzigo wa wafanyabiashara wa Kariakoo, na mzigo huo unalipa hata siti zisipojaa. Mumbai pia ina abiria wa matibabu na biashara mwaka mzima. Ulaya imefungwa tangu Umoja wa Ulaya ulipoliweka shirika kwenye orodha ya marufuku Desemba 2024, kisha mashirika yote ya Tanzania Juni 2025. Ndege ya masafa haya inalipa ikikaa angani saa nyingi kwa siku; ruti za kutosha kwa tatu hazijaonekana. Injini zake ni Rolls-Royce Trent 1000, zenye historia yake ya vipande vya turbini kuliwa na kutu, na jirani Kenya Airways anatumia za General Electric, hivyo hata kuazimana injini haiwezekani. 767 ya mizigo, yenye uwezo wa tani 54, nayo inalikosa soko la Ulaya la samaki, maua na parachichi kwa marufuku hiyo hiyo.

Kwa abiria: kwenye A220 omba upande wa siti mbili, huna jirani wa katikati. Kwenye Q400 epuka safu zilizo sambamba na panga, kelele ni kubwa, na begi la magurudumu halitoshi kwenye kabati la juu.

Kabla ya ndege ya 17, pesa ziende kwenye injini za akiba. A220 nne zina injini nane mbawani. Ikishushwa moja bila mbadala, ndege nzima inakaa. Zikiwepo mbili hangarini na mkataba wa karakana wenye tarehe za kurudisha na faini ya kuchelewa, ndege inarudi kazini mafundi wakimaliza kubadilisha. Baada ya hapo zinunuliwe Q400 zilizokarabatiwa, na MAX ama ziongezwe zifike tano au sita, ama ziuzwe.