Memtest86+ kwa kompyuta inayozimika bila sababu: uzoefu wangu

Kompyuta ikianza kuganda, kujiwasha upya, au kuleta skrini ya bluu yenye msimbo tofauti kila mara, mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Mimi huanza na Memtest86+. Ni programu ya bure ya kupima RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), na inawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows, kwa hiyo ikionyesha kosa huna tena sababu ya kulaumu draiva wala virusi.

Flashi kuukuu ya GB 1 inatosha, ila hamisha vilivyomo kwanza kwa sababu itafutwa. Pakua faili la ISO, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kisha washa mashine kwa flashi hiyo (F12 au Esc kwenye mashine nyingi). Ikikataa, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Jaribio huanza lenyewe.

Kosa kubwa la watumiaji ni kuona PASS ya kwanza (mzunguko mmoja umepita bila kosa) na kuzima. Zipo RAM zinazokosea zikishapata joto tu. Iache imalize mizunguko minne angalau. RAM ikiwa kubwa, ilale inapima. Na kosa moja tu si la kupuuzwa, kwa maana biti moja ikigeuka, faili huharibika kimyakimya na wewe unaendelea kulihifadhi.

Mistari myekundu ikitokea, usiende dukani bado. Zima XMP kwanza, yaani mpangilio wa BIOS unaoikimbiza RAM kuliko kasi yake ya kawaida. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi huendeshwa kwa V 1.35 badala ya V 1.2 ya kawaida, na CPU au madabodi huenda ndiyo isiyohimili kasi hiyo. Makosa yakiisha, huenda RAM ni nzima na shida ni kasi hiyo. Yakibaki, chomoa waya wa umeme, toa RAM zote, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha pima moja moja katika sloti ileile. Kosa likiifuata RAM, hiyo ndiyo mbovu. Likibaki kwenye sloti, kagua sloti yenyewe na pini za soketi ya CPU. Pini moja iliyopinda huweza kuua upande mzima wa RAM.

Laptopu yenye RAM iliyochomelewa haina ujanja huo. Anayetumia Linux anaweza kuchagua ripoti ya mtindo wa BadRAM, akaipa GRUB (programu inayoiwasha Linux) anwani mbovu za RAM ili zisitumike.

Upungufu wake: haipimi pawa saplai, kadi ya picha wala diski. Ikipita safi usiku kucha na mashine bado inazimika ukifungua gemu, weka multimita kwenye plagi ya Molex isiyotumika, waya wa njano na mweusi, gemu likiwa linacheza. Ikishuka chini ya V 11.4, badilisha pawa saplai. Kosa la Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer (orodha ya matukio ya Windows) lisikupoteze: linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Tafuta humo WHEA-Logger, yaani taarifa za makosa ya vifaa; hiyo ndiyo hutaja kifaa.